Kupanda Mfangano Nyuma ya Mama Mkwe

Mimi ni mtu wa bodaboda, Manyatta, Kisumu. Hata chumvi ya dukani naifuata kwa pikipiki. Kwa hiyo mke wangu aliponituma kisiwani Mfangano nimsindikize mama yake mlimani, tena kwa miguu, nilidhani ananitania. Wapi! Daktari wa macho alikuwa amemwambia mama mkwe kwamba presha ya macho imeshaharibu sana, giza litakuja tu. Mama akajibu neno moja: ameishi chini ya ule mlima tangu aolewe na hajawahi kufika juu. Alitaka kuona dunia kutoka kule kabla macho hayajafunga.

Tulianza asubuhi mapema. Yeye mbele na fimbo yake, mimi nyuma hatua kumi, maana kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata mkono hampi. Heshima ni heshima. Lakini njia ile, jamani! Mawe makubwa kuliko nyumba, na mashamba ya mihogo yamening'inia moja juu ya lingine. Nilihema mpaka aibu.

"Baba, pikipiki imeishiwa mafuta?" aliniuliza bila kugeuka.

Penye mwamba unaoteleza alikwama. Nikasimama kama mjinga, mikono mfukoni. Mwishowe nilizunguka, nikapanda hadi juu ya mwamba, akaninyooshea fimbo. Nikashika ncha moja, yeye nyingine, nikavuta. Hakuna aliyemgusa mwenzake.

Tukafika kileleni. Wuoyi! Ziwa hili nimeoshea pikipiki miaka yote, nikidhani ni maji ya matope na magugu tu. Kumbe ni bluu, limezunguka kila upande, halina mwisho, na visiwa vimetulia ndani yake. Nilivua kofia bila kujua. Niliogopa, nasema kweli, na nilifurahi vilevile.

"Rusinga iko wapi?" Mama aliuliza.

"Ile pale, Mama." Nikaonyesha kwa kidole.

Akatabasamu vizuri sana, akitazama upande mwingine kabisa. Ndipo nikaelewa. Mawe ya miguuni aliyaona bado, lakini uwezo wa kuona mbali ulikuwa umeshaondoka, na hakuwa amemwambia mtu.

Nikamshika mabega. Ndiyo, mimi, mkwe. Nikamgeuza polepole na hakukataa.

"Basi niambie wewe," alisema.

Nikamwambia yote: Rusinga na vilima vyake, mchanga mweupe wa Takawiri, mashua za wavuvi wa omena zikirudi, kivuli cha wingu kikitembea juu ya maji. Nilisema mpaka koo likakauka. Alisikiliza kama mtu aliye kanisani.

"Na nyumba yangu?"

Niliitafuta chini kabisa, bati moja karibu na maji. "Naiona."

"Ikoje?"

"Ndogo, Mama. Kama kiberiti."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Na vile imenichosha kufagia!"