Mgomo wa Uji

Jumatatu nilimpeleka mjukuu wangu chekechea hapa Tunduma, nikabaki dirishani kusikiliza. Mwalimu alikuwa akiwasimulia watoto habari za kiongozi wa makuli wa zamani. Bosi alikuwa hawapi hata muda wa kula, kiongozi akawaambia wenzake wakae chini, nao wakakaa mpaka bosi akasikia.

Kengele ya uji ikalia. Hakuna mtoto aliyenyanyuka mkekani. Wote wamekunja mikono, wamenuna.

"Kuna nini?" mwalimu akauliza.

Binti mmoja mwenye pengo akasogea mbele, akapiga goti kama walivyomfundisha kwao.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Tumegoma."

Mwalimu akaziba mdomo kwa kiganja asicheke. "Mnadai nini?"

"Mama wa uji kila siku anakunywa wa mwisho, umeshapoa. Leo akae, tutagawa sisi."

Basi mpishi akakalishwa juu ya ndoo, akapewa kikombe cha kwanza, na wagomaji wakagombania upawa. Muda si muda uji wa ulezi ulikuwa sakafuni, ukutani na kwenye kisogo cha mjukuu wangu.

Nimeona migomo kadhaa maishani, ila huu ndio wa kwanza kukubaliwa madai yote na bado ukamwongezea mfanyakazi kazi. Mpishi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaenda kuchukua dekio.

"Mwalimu," akasema akianza kudeki, "kesho wafundishe habari za bosi. Yule angalau hashiki upawa."