Msumari wa Itetemia

Wiki iliyopita, pale Itetemia, nilimkuta mama mmoja mjane amesimama katikati ya sebule yake, mikono kiunoni. Shemeji yake alishika sururu. Alishaapa kwamba chini ya ile sakafu mpya ya saruji kuna rupia za Mjerumani.

Fundi wa mashine ya kutafutia sarafu akaeleza, “Ikisoma chini ya ishirini ni msumari. Ikipita themanini ni fedha.”

Mashine ikalia.

“Ngapi?” shemeji akadakia.

Fundi akamtazama mama. “Kumi na nne.”

“Ahsante Mungu,” mama akashusha pumzi. “Shemeji, sururu lako hilo, usilisahau.”

Mimi nilikuwa nyuma ya fundi. Kwenye kioo cha mashine niliona themanini na tatu. Nikakohoa, nikaomba chai.

Naandika haya bila wasiwasi. Shemeji hasomi magazeti.