Kinyozi Aliyetafsiri Mji Wake

Bogumił, kinyozi wa Gołębin, huwaambia wateja wake kwamba kichwa chake ndicho pekee mjini kilichohitaji kunyolewa ndani. Hakuna anayembishia.

Yote yalianzia Sofia, kwenye mkutano wa wasemaji wa Kiesperanto, ile lugha iliyobuniwa ili mataifa yaelewane. Huko alimpenda Zdravka, mkunga wa Kibulgaria, hadi chakula kikamshinda. Zdravka naye akaahidi kumtembelea wakati wa kiangazi, aone kama panafaa kuhamia. Akauliza mji unaitwaje.

Katika Kiesperanto jina la mahali halitafsiriwi. Unalipachika herufi o mwishoni, basi. Golembino. Leokadia, mwalimu wake wa lugha hiyo, alikuwa amemwonya sana, lakini ujuaji ni maradhi, na Bogumił aliona Golembino linasikika kama jina la upele. Kwa kuwa jina Gołębin limetokana na neno la kwao lenye maana ya njiwa, akamwambia Zdravka aje Kolombejo, yaani banda la njiwa.

Siku ya siku alisimama stesheni na maua, viatu vikimeremeta. Treni zikaja, zikaenda. Alasiri mkuu wa stesheni akamwita kwenye simu: kule makutano ya reli kulikuwa na mgeni wa kike aliyeulizia Kolombejo huku akipigapiga mikono kama mbawa. Watu wema walikuwa wamempeleka kwa Hipolit, mgane mfuga njiwa.

Bogumił alifika huko akihema. Zdravka alikuwa mezani anakula pierogi, sambusa za kuchemshwa zenye viazi, anacheka na Hipolit, mtu asiyejua Kiesperanto hata neno la dawa.

“Umechelewa,” Zdravka akamwambia. “Na mbona hukuniambia kwamba banda lina mwenyewe?”

Bogumił akakiri kosa lake, akacheka pamoja nao, kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari. Kisha akangoja Zdravka aage. Badala yake Hipolit akamvuta shati.

“Ndugu yangu, wewe unajua maneno yake. Mwambie mayai yangu yanaanguliwa kesho. Abaki aone.”

Angeweza kusema treni ya mwisho inaondoka. Nani angejua? Akamtazama Zdravka, akatafsiri, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuongeza lake.

Zdravka akavua koti la safari, akauliza alitundike wapi. Hilo pia Bogumił akalitafsiri.