Udi wa Khoát

Kila asubuhi Khoát alikunywa methadoni, dawa yake ya kuachia unga wa kulevya, dirishani pa kliniki, akamwambia nesi "Asante, dada" kwa sauti, maana usipoongea watadhani umeificha mdomoni ukaiuze. Kisha alivuka barabara kuja kwenye meza yangu ya chai. Hata viti vyote vikiwa vitupu, yeye alikaa kwenye kigoda kilekile cha mwisho, karibu na ukuta. Ni fundi viatu hodari hapa mjini Hải Phòng, lakini wateja wakishajua alikuwa teja, hupokea kiatu kwa ncha za vidole. Mpweke yule, mpaka roho inauma.

Aliishi kwa dada yake, Thơm. Alikuwa na bakuli lake peke yake, na alikula wenzake wakishamaliza.

Ikakaribia kumbukumbu ya kifo cha mama yao. Kwetu udi wa kwanza huwashwa na mtoto wa kiume mkubwa, na Khoát hakuwahi kuushika tangu alipoanza unga. Basi Thơm akaenda kuonana na daktari, wakakubaliana dozi ishushwe harakaharaka, ili siku ile ndugu yake awe ameacha kila kitu. Anampenda, sikatai. Lakini mwenyewe alikuwa wapi? Kwangu, nje, anakunywa chai!

"Mdogo wangu, huko ndani wanakujadili wewe," nikamwambia.

"Najua, dada Nhàn."

"Sasa umekaa hapa unasubiri nini?"

"Thơm anajua kuongea na wakubwa. Mimi nitasema nini?"

Nilikasirika, nikamwaga chai yake nusu. Hakulalamika, na hilo likaniudhi zaidi.

Dozi ikashushwa, arosto ikamrudia: jasho, miayo, mifupa kumuuma. Mikono ilitetemeka mpaka akajichoma kwa msharasi wake wa kushonea. Asubuhi moja akaniambia, macho chini, "Jana nimepita kule kwa muuza unga."

"Ukanunua?"

"Nilisimama tu."

"Na kesho?"

Akainuka aondoke. Nikamshika mkono, nikaacha birika motoni, nikavuka naye barabara.

Daktari ni kijana, si mtu mbaya. Nilimfokea hata hivyo. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Kaka Khoát, wewe mwenyewe unaonaje?"

Khoát akageuka nyuma kuangalia nani anaulizwa. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu. Jamani, nilitaka kulia.

"Mimi?" akasema.

"Wewe, ndiyo. Mwili ni wako."

Akamgeukia tena daktari. Kisha akasema, polepole, "Nirudishieni dozi ya zamani. Nikiwa tayari kupunguza, nitasema. Na dada yangu akiitwa, na mimi niwepo."

Thơm akaitwa, akaja amekunja uso. "Basi udi usahau," akasema. "Mama hawezi kuwashiwa udi na mtu anayekunywa dawa ya mateja."

Udi ule ndicho kitu pekee Khoát alichokuwa anakitaka katika nyumba ile. Nikadhani atarudi nyuma.

"Dada, nyumba ni yako," akasema. "Dozi ni yangu."

Siku ya kumbukumbu alikunywa dawa yake, dozi ile ya zamani, akasema asante, akaja kwangu. Huko kwa Thơm ndugu wote walikuwa wamekusanyika, vyakula vimepangwa mbele ya picha ya mama. Yeye, ingawa analala humohumo, hakualikwa. Akatoa vijiti vitatu vya udi mfukoni. Nikajaza mchele kwenye glasi ya chai, nikamsogezea.

Akawasha. Mkono haukutetemeka hata kidogo. Akachomeka vijiti kwenye mchele, akainama kuelekea upande wa nyumba ya dada yake, midomo ikicheza, wapita njia wakimshangaa. Alipomaliza akarudi kwenye kigoda chake cha ukutani. Nilimmiminia chai, nikakaa karibu naye.

"Umemwambia nini mama?" nikamuuliza.

"Nimemwambia wameniuliza mimi mwenyewe naonaje."