Fundi Aliyekataa Kufunika Mikwaruzo

Habari za kifo chake nilizipata nikiwa Migori mjini, katika duka la vipuri, nikibishana na mwenye duka juu ya bei ya wipa. Simu yake ililia, akasikiliza, kisha akaniuliza kama nilimfahamu yule fundi wa rangi za magari wa Homa Bay, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara ya kwenda Mbita. Nikasema namfahamu sana. Akasema amefariki asubuhi hiyo hospitalini. Kifua kilichomsumbua tangu mvua zianze kimemshinda. Nililipa bila kubisha tena, nikatoka nje nikiwa na hasira, na hata ninapoandika haya hasira hiyo haijaniisha. Mnaonisoma kila juma, mimi mwalimu mwenye safu hii, mnajua sina tabia ya kuwapamba marehemu. Huyu hakuwa malaika. Alikuwa mkaidi, alichelewesha kazi, na hakujua kumbembeleza mteja. Lakini lipo jambo nililopaswa kumwambia akiwa hai, na kwa kuwa sikumwambia, nawaambia ninyi.

Wengi waliidharau kazi yake, wakaiita kuosha magari. Yeye alisema kuosha ni salamu tu. Gari likishakauka, alivaa mfuko wa mkate mkononi, akafumba macho, akapapasa boneti polepole. Nailoni ile nyembamba ilimwezesha kuhisi uchafu ambao jicho haliuoni: utomvu wa miti, chembe za chuma, madoa ya maji ya kisima. Aliuondoa kwa donge la udongo laini mpaka mkono uteleze. Ndipo alipowasha mashine ya kupigia polishi, na polishi yake haikuwa ya kupaka mng'aro bali ya kula rangi, kidogo kidogo, mpaka mkwaruzo uishe. Mwisho alipangusa kote kwa spiriti, kisha akapaka dawa ya kukinga rangi, ambayo ikikauka huwa ngumu na kukaa miaka. Chochote utakachokiacha chini yake, alisema, umekifungia humo.

Mimi nilimpelekea gari la shemeji yangu, mume wa dada yangu. Baba yetu mdogo alikuwa amefariki, na shemeji, aliyekuwa kikazi Mombasa, hakuweza kuja kumzika mkwewe. Dada akamwomba gari lake jipya, jeusi, lisaidie kusindikiza mwili kutoka mochari hadi Lambwe, na mimi niliendeshe. Shemeji alisita. Aliwahi kusema mbele ya watu kwamba ndugu za mkewe hawarudishi kitu kama walivyokichukua. Dada alishikilia, akamwambia kwamba kwa huyu kaka yake atasimama dhamana yeye mwenyewe. Kwa hiyo gari lilipotoka, heshima ya dada yangu katika nyumba yake ilitoka nalo. Desturi yetu ya kusindikiza maiti mnaijua. Vijana walivunja matawi, wakayafunga kwenye boneti na vioo vya pembeni, nami sikuwa na ubavu wa kuwazuia. Nani angethubutu kusema gari lina thamani kuliko marehemu? Tukaenda taa zikiwaka katika barabara ya vumbi, na matawi yakalisugua vumbi hilo juu ya rangi safari nzima. Jumapili nililiosha. Boneti yote ilikuwa imechanwachanwa.

Dada alinipigia simu kila siku akiuliza kama nimezungumza na shemeji yangu. Nilijibu kwamba nitazungumza. Ukweli ni kwamba nilikwisha kuamua asijue kamwe. Alitarajiwa Ijumaa jioni, na fundi wangu alikuwa Msabato: Ijumaa jua likizama mashine huzimwa, liwe gari la nani. Alhamisi stima ilipotea kutwa. Ijumaa saa sita ndipo mashine iliponguruma, nami nikasimama pembeni nikilitazama jua, na kulitazama wingu zito lililopanda kutoka ziwani, kwa maana dawa ile ikinyeshewa kabla ya kukauka huharibika. Kufikia saa tisa mikwaruzo mingi ilikuwa imekwisha. Saa kumi alifika ukingoni mwa boneti, akapitisha mashine mara moja, akagusa bati kwa nyuma ya mkono, akazima. Mistari mitatu mirefu ilikuwa imebaki. Nikamwambia aongeze. Akatikisa kichwa, akaeleza kwamba hapo rangi imekuwa nyembamba, akiongeza ataichoma hadi bati lionekane. Nikaiona rafuni chupa ya polishi ya mafuta, ile ambayo wauza magari huitumia kuziba mikwaruzo isionekane. Nikamtaka apake hiyo, aache habari za spiriti, afunike kwa dawa, tuondoke.

“Mwalimu, hiyo mafuta inaficha wiki mbili tatu tu,” akasema. “Dawa haiwezi kushika juu yake. Gari ikioshwa mara kadhaa, mwenyewe ataona. Na ataona pia kwamba ulijua.”

Nikamjibu kuwa hayo ni yangu, yeye afanye kazi yake. Nikaongeza maneno mengine yasiyoandikika gazetini, kuhusu mafundi wanaojifanya wachungaji. Alichukua kitambaa, akakilowesha spiriti, akapangusa boneti nzima mbele ya macho yangu, na mistari mitatu ikajitokeza wazi kuliko mwanzo. Simu yangu ikalia. Dada alisema shemeji amekwisha pita Oyugis na anakuja moja kwa moja pale kibandani kuchukua gari lake. Fundi akaanza kukunja nyaya, kwa kuwa jua lilikuwa limeinama. Nikaiteremsha ile chupa, nikaifungua. Aliniona, akaendelea na nyaya zake. Niliirudisha rafuni, na si kwa wema wowote. Nilimwogopa tu yule mtu aliyekwisha kuniona na kuendelea kukunja nyaya.

Shemeji aliposhuka kwenye teksi, fundi akiwa amekwisha kuondoka kuiwahi Sabato yake, nilimweleza yote kabla hajafika kwenye boneti: matawi, vumbi, uoga wangu. Alipitisha mkono wake juu ya ile mistari, mmoja baada ya mwingine.

“Dada yako aliniambia habari ya matawi siku ile ile ya mazishi,” akasema mwishowe. “Nilituma gari imzike mzee badala yangu. Ingerudi bila alama ningeshangaa. Nilikuwa nangoja kuona kama na wewe utaniambia.”

Dawa ilipakwa Jumapili, na mistari ikaachwa chini yake kwa agizo la mwenye gari. Nyumbani kwa dada, maneno kuhusu ndugu zake hayajasikika tena. Lakini nafikiria ingekuwaje kama ningeshinda ubishi ule. Shemeji angeikuta boneti inameta, angeniuliza safari ilikuwaje, nami ningejibu salama, dada yangu akisikia. Njia ya mwongo ni fupi, na wengi wetu tunaishi humo. Mgeni wa heshima akitangazwa, shule hupakwa chokaa upande unaotazama barabara, vyoo vikabaki vilivyo. Mashimo hujazwa udongo siku mbili kabla ya msafara kupita, na mvua ya kwanza huyarudisha. Kazi ya kusafisha kwanza haina mpiga picha. Anayeifanya huvuta vumbi la rangi miaka na miaka bila hata barakoa, mpaka kifua kikatae, na sisi tunaopita tunauliza tu kwa nini amechelewa.

Baada ya siku ile sikumrudia. Nilimwonea haya, na haya hizo nikazigeuza kuwa hasira. Gari langu nikawa nalipeleka Migori, mwendo wote huo, na nilipopita mbele ya kibanda chake sikupiga hata honi. Aliwahi kumwuliza dada kama mwalimu bado ana kinyongo naye. Dada akanifikishia, nami nikasema nitapita. Sikupita. Amekufa akidhani alinikosea, na hakuna aliyemwambia kwamba shemeji alikuwa anajua, kwamba kitambaa chake ndicho kilichomwokolea dada yangu heshima yake. Kama yupo mtu aliyewahi kukuzuia usijiharibie, nenda ukamwambie leo, pamoja na haya zako. Mimi nilingoja zipungue kwanza.