Kikosi Kile Kilikuwa cha Deo

Sitaki mnihurumie. Nimefanya ubaya, nimeufanya kwa akili timamu, mchana kweupe, na niliufanyia mtu ambaye nilijua hatanisema. Nawaandikia ninyi msionijua kwa sababu wanaonijua nimewaambia hawakuniamini.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimepanga Kashai, mjini Bukoba, ila kwetu ni kijiji cha Buganguzi. Mjini tuna kundi la watu saba tunaopenda kriketi. Najua mtashangaa, Bukoba na kriketi wapi na wapi. Aliyetuambukiza ni Mzee Karimu, fundi cherehani mstaafu wa mtaa wa Bakoba, aliyeicheza ujanani. Tunakutana barazani kwake Jumamosi baada ya alasiri na kuzungumzia mechi za siku tano, zile zinazoitwa tesiti.

Mara moja kwa mwaka tunashindana. Kila mtu anapanga kikosi cha wachezaji kumi na mmoja wa tesiti ambao hawakuthaminiwa. Huruhusiwi jina kubwa. Unasimama, unamtetea mmoja mmoja, na Mzee Karimu anaamua. Mshindi anakaa mwaka mzima na gongo la kriketi la mzee mwenyewe, lile alilochezea akiwa kijana. Mpini wake umefungwa kamba mpya, lakini mbao ni ile ile.

Wa saba wetu ni Deo. Deo ni mkulima Buganguzi, ana kibanja cha migomba na kahawa, na darasani hakuvuka la saba. Anasikiliza mechi kwenye simu iliyopasuka kioo huku anapalilia. Barazani ndiye anayekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, viti vikiisha. Hajawahi kushinda hata mara moja. Mimi nimeshinda mara tatu, na nilikuwa nayatamani mataji yote yaliyobaki, Mungu anisamehe.

Sasa niwaeleze kitu kimoja, bila hicho hamtauelewa ubaya wangu.

Babu yangu na babu yake Deo walikula omukago, kiapo cha udugu wa damu. Walipasua buni moja ya kahawa, ndani mna punje mbili, kila mmoja akaipaka punje yake damu yake, wakabadilishana, wakameza. Tangu siku ile nyumba ya kwao na nyumba ya kwetu ni kitu kimoja. Mtoto wa huku hamwaibishi mtoto wa kule mbele za watu, hata iweje. Padri hapendi kuzisikia habari hizi, na sisi wasomi tunazifanyia utani. Lakini sijaona mtu aliyethubutu kuuvunja. Ndiyo maana Deo hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita munywani, yaani rafiki wa namna hiyo.

Wiki moja kabla ya shindano nilikwenda kijijini, nikapita kwake. Akanitolea daftari. Ilikuwa kazi ya miaka miwili! Kurasa zina udongo wa vidole, mahali pengine limedondokewa na utomvu wa mgomba. Akanisomea kikosi chake, na alipofika kwa mchezaji wa tano nilikuwa nimeshajua kwamba nimeshindwa.

Nahodha wake ndiye aliyeniumiza. Alikuwa mrushaji wa kawaida tu, wa nchi isiyotajwa sana. Katika tesiti, jua likikaribia kuzama na mwanga ukawa mbaya, timu haitaki kumpoteza mpigaji wake hodari. Inamtuma mtu wa chini aende akasimame pale, wa kutolewa atolewe yeye, ili mkubwa acheze kesho. Mtu wa Deo alitumwa hivyo mara nyingi. Kwenye takwimu anaonekana mpigaji hovyo. "Lakini hakuna alipokataa kwenda," Deo akaniambia. "Munywani, unaonaje? Nimpe unahodha?"

Nikamtazama usoni nikasema, "Deo, watakucheka. Huyo hana lolote. Kikosi chote ni dhaifu, sema nakuambia kwa sababu wewe ni ndugu yangu."

Akasema basi atakwenda nacho hivyo hivyo, hana muda wa kupanga kingine. Halafu akachukua panga akaenda shambani kunikatia mkungu wa ndizi nirudi nao mjini. Alipokuwa huko nikafungua daftari lake nikapiga picha kurasa zote. Nilikuwa nasikia panga likikata mgomba. Mkungu ule aliubeba mwenyewe begani hadi barabarani.

Jumamosi tukapiga kura ya nani aanze, ikaniangukia mimi. Nikasimama nikakisoma kikosi cha Deo mwanzo hadi mwisho, nikamtetea nahodha wa Deo kwa maneno ya Deo. Hata ile ya "hakuna alipokataa kwenda" niliisema, na sauti nikaitetemesha kidogo. Mzee Karimu alifuta macho.

Sikumwangalia Deo hata mara moja.

Zamu yake ilipofika alisimama na daftari mkononi. "Haya mwanangu, tusomee," Mzee Karimu akamwambia. Akataja jina la kwanza, la pili, la tatu. Watu wakaanza kutazamana. Akasita.

Hapo ningeweza kunyamaza tu. Ingekuwa wizi, ikaishia hapo. Lakini niliogopa watamwomba lile daftari walione, nikasema kwa sauti ya darasani, "Jamani msimlaumu. Nilikuwa kwake wiki iliyopita nikamfundisha. Naona ameandika yote kama imla."

Wakacheka. Wote walicheka, na mmoja akagonga goti.

Deo alikuwa na daftari lenye udongo wa miaka miwili. Angelifungua tu pale ningeaibika maisha yangu yote. Mimi nilijua hatalifungua. Nilijua kabla sijapanda gari kuja mjini, nilijua nikiwa napiga zile picha, na hapo ndipo roho yangu mbaya ilipo. Nilitumia kiapo cha babu zetu kama kufuli mdomoni mwake.

Alilifunga, akaliweka kwapani. "Ni kweli, mzee," akasema. "Mwalimu ndiye aliyenifundisha."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita mwalimu.

Nikaondoka na gongo. Nililitundika sebuleni na kwa wiki chache nilifurahi, sitawadanganya. Kisha nikaanza kula bila hamu. Deo aliacha kuja barazani, na ile ndoo yake ikawa ya kuwekea vikombe.

Baada ya miezi miwili nikashindwa. Nikasimama barazani nikasema wazi kwamba kikosi kile nilikiiba. Mnajua walifanya nini? Walinipigia makofi! Walisema nina moyo mkubwa, namtetea mnyonge. Mzee Karimu, ili kunyoosha mambo, akampigia Deo simu akaweka sauti kubwa. "Deo, mwenzako anasema kikosi kilikuwa chako."

Tulisikia jembe likiwekwa chini.

"Hapana, mzee," Deo akasema. "Kilikuwa chake."

Kesho yake, Jumapili, nikalifunga gongo kwenye gunia nikaenda Buganguzi. Zamani nikifika pale naingia moja kwa moja, nafunua sufuria jikoni mwenyewe. Siku ile alinipokea mlangoni. "Nyegera, Mwalimu," karibu, kama anavyokaribishwa bwana shamba. Akanipa kiti, akaniletea buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo cha wageni. Ukutani juu ya kiti chake niliona misumari miwili imepigiliwa sambamba, haijatundikiwa kitu. Upana wake ni wa gongo. Lazima aliipigilia kabla ya shindano.

Nikapiga magoti. Nikamwambia nisamehe, nikamsukumia gunia.

Hakulifungua. Kisha akasema taratibu, "Babu zetu walikula buni moja. Nilitakiwa nisikuaibishe, sikukuaibisha. Hata mzee aliponipigia, sikukuaibisha. Deni la babu nimelilipa."

"Deo, munywani wangu..."

"Subiri. Kunyamaza kulikuwa kwa babu. Kusamehe ni kwangu mimi. Na mimi sitaki, Mwalimu."

Hakupandisha sauti. Akanisaidia kuinuka, akalibeba gunia begani hadi barabarani kama alivyobeba ule mkungu, akanipakilia kwenye bodaboda. "Hilo ni lako mwaka huu mzima," akasema, akarudi shambani.

Wewe unayesoma, labda na wewe una mtu wa namna hiyo. Mke, mdogo wako, rafiki, mtu ambaye una hakika hatakuumbua hata umfanyie nini. Usimguse huyo. Adui yako ukimkosea atapiga kelele, mtapigana, watu watawaamua, yataisha. Huyu atakufichia, na hutapata mahali pa kutubia.

Gongo lipo hapa Kashai, ukutani. Kila mgeni anayeingia ananipongeza.