Kufuli ya Nje na Betri Mbili za Boti

Mwanangu, ile siku naikumbuka kwa harufu ya yai viza, na mpaka leo nikiisikia mwili hunisisimka.

Nilikuwa kijana, nikijifunza ufundi wa betri huko Lindi, Kibera, na kichwa kilikuwa kimenivimba. Mjomba Wafula, ndugu wa mama, alikuja kwa basi kutoka ziwani Busia na betri mbili za boti yake kwenye gunia. Moja ilikuwa ya kuwashia injini, ile ya kawaida ya kuongezwa maji. Nyingine ilikuwa ya taa na redio, imezibwa kabisa. Alitaka chaja moja ya kuzichaji zote.

Mwalimu wangu, Mzee Mutua, alikuwa ameenda matanga Kitui. Aliniambia kwa simu nisiguse kitu. Betri za aina mbili, alisema, zinataka chaja yenye njia mbili, kila njia ipangiwe betri yake. Angeinunua mjini akirudi. Lakini mjomba alitaka kuondoka jioni, nami nilitaka nikasifiwe nyumbani. Nikachukua chaja ya gari, nikaiunganisha na betri zote mbili kwa pamoja, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nikaipandisha nguvu juu kabisa. Mjomba akalala kwenye benchi kwa uchovu wa safari. Mimi njaa ikaniuma. Lindi kitu ukikiacha wazi kinaota miguu, kwa hivyo nikafunga dirisha, nikatia mlango kufuli kwa nje, nikaenda kula chapati na maharagwe ya madondo. Nilimfungia mjomba wangu ndani, mwanangu, na wala sikufikiri mara mbili.

Nilikuwa kwenye chapati ya pili niliposikia mlipuko. Nilikimbia na ufunguo mfukoni, nikakuta majirani wameshavunja mlango. Mjomba alikuwa ameketi chini wakimmwagia maji. Betri iliyozibwa ilikuwa imefura, na ile ya maji haikuwa na kifuniko tena. Kumbe aliamka akikohoa kwa ile harufu ya yai viza iliyotoka kwenye betri, akaita, lakini kinu cha kusaga unga hapo jirani kilimeza sauti yake. Basi akajifunika uso kwa koti, akavuta waya ili aizime chaja. Cheche moja ikatosha kuilipua gesi ya betri iliyojaa chumbani. Koti lilitoboka kwa asidi kama chujio, mikono ikaungua. Macho yalipona, na mpaka leo sielewi yalivyopona.

Nilichutama mbele yake. Mjomba akasema, polepole, "Hii kufuli, ulikuwa unafungia mwizi ama mimi?"

Mzee Mutua aliporudi hakunipiga. Alilitundika lile koti mlangoni, akaniambia, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umevunja la mwenzako."

Sasa nina karakana yangu hapa mtaani Kabiro, na koti lile ndilo unalolipita kila asubuhi ukidhani ni tambara. Kwa hivyo nisikilize. Ujue kwanza kila betri ni ya aina gani, ndipo uchague chaja. Kila betri uipe njia yake, na fyuzi yake karibu nayo. Umeme uzimwe kabla hujashika waya. Chaji penye hewa, na wezi wakitaka kuiba, waibe. Tena mtu akiwa ndani, ufunguo usikae mfukoni mwako.

Mungu akulindie macho na mikono yako, mwanangu, na kila anayekuletea kazi arudi kwao mzima.